Mwendesha Baiskeli wa Lori la Ndizi

Jamani, leo nimepatikana. Sikusingiziwa, sikuonewa, wala sikurogwa. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nawaandikia ninyi niliosoma nanyi kwa sababu mko mbali, Mwanza huko na Mtwara, na hakuna atakayekuja kunichungulia dirishani. Kwa aliyesahau: nakaa Usa River na mke wangu, Mama Happy, na kazi yangu iko Arusha mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Dilip. Misumari, bati, rangi, mabomba. Nina miaka kumi na moja pale na sijawahi kuitwa mwongo. (Mpaka leo saa mbili na nusu asubuhi.)

Shida ilianzia kwenye magari. Mnakumbuka tukiwa wadogo, mwenye gari ni daktari au mchungaji, basi. Sasa milango imefunguliwa, magari yaliyotumika yanakuja kutoka Dubai kama mitumba, na kila mtu kanunua. Mimi nami nikanunua Corolla nyeupe, redio yake inaongea Kijapani. Nikawa nawasha gari kwenda kwa kinyozi. (Kinyozi yuko ng'ambo ya barabara.) Mama Happy akitaka kusaga mahindi, gari. Kanisani, gari, na kanisa tunaliona kutoka jikoni. Wenzangu kazini nao vilevile, kila mmoja na lake, na yote tunayapanga mbele ya duka. Ikafika mahali mteja mwenye mkokoteni hana pa kupita. Siku moja fundi akapitisha bati juu kwa juu, likachora gari la Mzee Dilip mwenyewe mstari mrefu kama wa rula.

Kesho yake tukaitwa. Mzee Dilip kazaliwa Arusha, baba yake kazaliwa Arusha, na Kiswahili chake kinanizidi. Hapandishi sauti hata siku moja.

"Mwezi mzima unaokuja," akasema, "kila mtu aache gari lake nyumbani, na mimi nikiwemo. Njooni na basi, njooni kwa miguu, mpeane lifti na majirani, shauri lenu. Mafuta mnayalalamikia kila siku, moshi tunaumeza, na wateja hawana njia."

Tukaguna. Akaendelea.

"La pili. Tunafungua tawi Usa River. Sitaki msimamizi wa kutoka mjini na gari kila siku. Nataka mtu wa huko huko, aende kazini kwa miguu yake. Wa huko ni wawili, Elisante na Nanyaro. Mwezi huo nitawaangalia, mwisho wa mwezi nitasema."

Ndugu zangu, mimi nilisikia jina langu tu, Elisante. Hilo tawi liko mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Ina maana ningekula chakula cha mchana nyumbani, kikiwa cha moto. Ina maana ningewaona watoto wangu jua likiwa bado lipo. Miaka kumi na moja nimekula barabara ya Moshi asubuhi na jioni, nimeichoka. Nililitaka lile tawi mpaka nikawa naliota. Mama Happy alipopata habari alifurahi, akawaambia kina mama wa kwaya. (Nilimwambia asiseme. Alisema.)

Huyo Nanyaro mwenzangu ni Mmeru wa Makumira, hapo hapo karibu na Usa, mtunza stoo, mpole, maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu.

Sasa pale kaunta yuko Bi Zuhura, mama wa makamo wa Kaloleni, ndiye mkubwa wetu baada ya Mzee. Akafungua daftari. Kila asubuhi ukifika anakuuliza, "Umekuja na nini?" anaandika. Siku ya kwanza Nanyaro akasema basi. Mimi nami nikasema basi, na ilikuwa kweli. Nikachungulia lile daftari: basi, basi. Tumelingana! Mimi kulingana na mtu sijazoea.

Jumamosi ile ile nikanunua baiskeli. Mpya, ya gia, nyekundu.

Jumatatu nikaondoka nyumbani bado kuna kiza. Niwaambie kitu ambacho ukiwa ndani ya gari hukijui: kutoka Usa River kwenda Arusha ni mlima. Sio mlima wa kuuona kwa macho. Ni mlima wa kuusikia mapajani. Nilifika Tengeru ulimi uko nje, nikashuka, nikaiegemea baiskeli nikawa nahema. Ndipo akatokea jirani yangu Loishiye na lori lake. Loishiye anachukua ndizi Maji ya Chai kila alfajiri anapeleka sokoni mjini.

"Mzee, vipi? Umeibiwa gari?"

"Nafanya mazoezi," nikasema.

Akanitazama, akashuka, akairusha baiskeli juu ya ndizi, nami nikapanda nyuma. Akanishusha kwenye mataa ya Sanawari, pale unapoingia mjini. Kutoka pale kwenda dukani ni mteremko mtupu, hata kukanyaga hukanyagi. Nikaingia dukani nimekaa wima kama askari wa gwaride.

"Baiskeli!" Bi Zuhura akapiga makofi. "Elisante! Kutoka Usa?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "Mpaka Tengeru, Bi Zuhura, halafu nikapata lifti." Maneno machache tu. Lifti yenyewe ilikuwa ruksa! Lakini wenzangu walikuwa wameshatoka nje kuja kuniangalia, na Nanyaro alikuwa amesimama pale na basi lake.

"Ndiyo, kutoka Usa," nikasema.

Basi ikawa ndiyo hiyo. Siku ya pili sikujisumbua hata kufika Tengeru. Loishiye alinipitia nyumbani kwangu, akaniteremsha Sanawari, na jioni akirudi ananichukua pale pale. Nikajipatia na utaratibu. Nilikuwa nabeba maji kwenye chupa ya soda, nikifika Sanawari najimwagia kwapani, mgongoni na kwenye paji la uso, nionekane nimetoka jasho. Pale kuna mama anauza vitumbua. Wiki ya pili uvumilivu ukamwishia.

"Baba, samahani. Mbona kila siku unajibatiza hapa?"

Nikamwambia ni joto. (Arusha. Mwezi wa baridi. Mama mwenyewe amevaa sweta mbili.)

Dukani nikawa mfalme. Bi Zuhura alininunulia chapati kila asubuhi, nirudishe nguvu, na chai ya tangawizi ya kufungua kifua. Nilikula. Wateja walioneshwa mimi. Nikaanza kutoa ushauri, jamani, nikawafundisha watu wazima namna ya kupumua kwenye mlima. Wenzangu wawili wakanunua baiskeli kwa kuniiga! Kila mtu alikuwa ananipa pole, na kumbe pole ni tamu hasa usipokuwa umechoka.

Mama Happy peke yake ndiye hakupiga makofi.

"Baba Happy, si useme tu unapanda lori? Mzee amekataza uje na gari lako. Lile lori ni lako?"

"Mama Happy, mambo ya kazini huyaelewi."

(Aliyekuwa anayaelewa ni yeye.)

Juzi Alhamisi, Bi Zuhura akatangaza kwamba Jumamosi, leo hii, tutafunga nusu siku, tupike, tule pamoja, halafu Mzee atamtaja msimamizi. Wanaokula nyama watapata nyama, na Mzee ambaye hali nyama atapikiwa ndizi za nazi. Akauliza ndizi nzuri zinapatikana kwa nani.

Ningenyamaza! Nanyaro ni Mmeru, ndizi ziko mpaka mlangoni kwao, lakini na yeye alikaa kimya. Mimi nikanyoosha mkono. "Ndizi niachieni mimi. Huko njiani nawajua wenye malori wote." Nikampa Bi Zuhura namba ya simu ya Loishiye. Kwa mkono wangu huu.

Jioni nikapanga na Loishiye vizuri kabisa: kwanza anishushe Sanawari kama kawaida, halafu apeleke mikungu mitatu dukani. Akasema sawa. Mimi nitakuwa nimeshafika, nimekaa, nakunywa chai.

Leo alfajiri kukawa na manyunyu, yale ya kutoka Mlima Meru yasiyokwisha. Loishiye akafunika mzigo wote na turubai, mimi nikaingia chini yake pamoja na baiskeli. Jamani, chini ya turubai, juu ya majani makavu ya migomba, na mvua inagonga polepole, hapana kitanda kinachofikia pale. Nikajilaza. Nikasema nafumba macho mpaka Tengeru tu.

Nilipozinduka, lori lilikuwa limesimama. Nikasikia sauti ya Bi Zuhura. Nikadhani naota. Halafu nikasikia sauti ya Mzee Dilip, nikajua siyo ndoto, kwa sababu huyo huwa simwoti.

"Elisante bado?" akauliza Mzee.

"Bado," akajibu Bi Zuhura. "Na mvua hii! Maskini, sijui yuko wapi na baiskeli yake."

"Barabara inateleza leo," mwingine akasema. "Mungu amsaidie tu."

"Amina," wakaitikia.

Ndugu zangu, nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Naombewa safari njema, nimelala juu ya ndizi. Nikajibana. Hesabu zangu zilikuwa fupi: watashusha mikungu mitatu, Loishiye ataondoka, nitashuka kwenye kona, nitajimwagia maji, nitaingia nahema. Chupa ninayo.

Tatizo ni kwamba Bi Zuhura hachaguliwi ndizi. Anachagua mwenyewe, na hachagui kwa macho, anabonyeza. Nikaona ukingo wa turubai unainuka na mkono unaingia. Ukabonyeza mkungu wa kwanza. "Huu mchanga." Ukabonyeza wa pili. "Huu sawa." Halafu ukashika mguu wangu, kwenye shavu la mguu, ukabonyeza mara mbili.

"Mbona huu una joto?"

Nikafunga pumzi. Na hapo hapo Loishiye, mtu mwenye roho nzuri kuliko wote ninaowajua, akalivuta turubai lote kwa mpigo mmoja.

"Mzee, amka, tumefika! Nilikuona umelala fofofo nikasema leo nisikushushe njiani, nikufikishe mpaka mlangoni!"

Walikuwepo wote, jamani. Wote! Bi Zuhura, vijana wa kupakia, wale wawili walionunua baiskeli kwa kuniiga, Nanyaro na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, na Mzee Dilip chini ya mwavuli. Mimi nimekaa juu ya mzigo na kipande cha jani la mgomba kichwani, na nilijua kipo, ila nilishindwa kuinua mkono kukitoa. Nikasema lile ambalo mtoto yeyote aliyelelewa huku analisema hata nyumba ikiungua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Elisante. Umeamkaje?"

"Salama, Mzee."

"Pole na safari."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Nami badala ya kushuka kimya nikafungua mdomo tena. (Mdomo wangu huu, iko siku nitaufunga kwa misumari ya dukani.)

"Ni leo tu, Mzee. Hii mvua..."

"Leo tu?" Loishiye akashangaa, na alikuwa anashangaa kweli, si kwa ubaya. "Leo tu kivipi? Si mwezi mzima tuko wote? Hata koti lake lina msumari wake hapo pembeni."

Akalichukua koti langu kwenye msumari, akalikunja vizuri, akanipa.

Hapo ndipo walipocheka. Kijana mmoja alikaa chini kabisa kwenye saruji. Bi Zuhura hakucheka. Aliniangalia, akaangalia mkono wake ulionibonyeza, akasema taratibu, "Na chapati zangu, Elisante?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu.

Nikapewa kisu. Ndizi hazijimenyi. Nikakaa kwenye kiti kifupi nyuma ya duka, namenya, utomvu unanigandia vidoleni mpaka vikawa vyeusi. Baada ya muda Mzee Dilip akaja, akavuta ndoo ya rangi, akaigeuza, akaikalia. Alikuwa ameishika baiskeli yangu. Akazungusha gurudumu la mbele kwa kidole.

"Elisante, mimi nimeuza tairi miaka mingi kabla ya kuuza bati. Tairi mpya ina vinywele vya mpira, hivi hapa. Mtu akitembea nayo siku mbili tatu barabarani, vinaisha. Zako bado zina nywele kama kifaranga."

Nikamenya ndizi nyingine.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Mzee! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Kila asubuhi nilijitahidi nifike kabla yako, nikae pale kaunta. Nikawa nasema, leo ataniambia. Lori la ndizi linakuja mjini hata usipolipanda, umelipanda, vizuri sana, hata mimi ningekusifu. Ungesema siku moja tu, tawi lilikuwa lako. Miaka kumi na moja siyo mchezo."

Akanyanyuka, akanigusa bega, akaondoka. Jamani, afadhali angenitukana. Macho yalinijaa machozi, na ukiwa unamenya ndizi huwezi kusingizia vitunguu.

Tulipomaliza kula akamtaja Nanyaro. Alisema maneno machache tu: tawi liko mbali na macho yake, anataka mtu ambaye akiulizwa kama saruji ipo, ipo, kama haipo, haipo. Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi, na nilipiga kwa haki. Nanyaro akaja kunishika mkono, wangu mweusi, wake mweusi, sote tumemenya. Akasema, "Pole, kaka," na hii pole niliistahili, na haikuwa tamu.

Kufika saa nane natoka, Loishiye hayupo. Alishauza, alishaondoka. Ningeweza kupanda basi. Lakini wenzangu walikuwa wamejipanga mbele ya duka kuniangalia naondoka vipi, na wale wawili wameshika baiskeli zao. Nikapanda ya kwangu. Nikasema moyoni, leo hata nikifia Tengeru, nitafia kwenye tandiko.

Na sasa sikilizeni kitu cha ajabu. Kurudi ni mteremko! Mlima ule ule unaokuua asubuhi, jioni unakubeba. Mvua ilikuwa imekatika, Meru imejifunua yote, hewa ina harufu ya udongo, na mimi nateremka taratibu kando ya mashamba ya kahawa nasalimiwa na watu. Panapopanda nilishuka nikakokota. Tengeru nilikunywa maji ya chupa yangu ya soda, kwa mara ya kwanza nikayanywa. Nilifika Usa nimelowa jasho langu halali, miguu inatetemeka, na nina furaha kama mtoto aliyefaulu. Mwezi mzima ningeweza kuja asubuhi na lori, kurudi jioni na baiskeli, nikausema ukweli huo, na ningekuwa msimamizi.

Mama Happy alikuwa uani anaanua nguo.

"Tawi?"

"Kapewa Nanyaro."

Akashusha beseni la nguo chini. Nikaona ameumia, nami nikaumia zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu. Nikataka nimpe hata kitu kimoja kizuri cha siku ya leo.

"Mama Happy, leo nimeendesha baiskeli kutoka dukani mpaka hapa. Yote. Mwenyewe."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Akaangalia jasho lile. Halafu akasogea mpaka getini, akachungulia barabarani kulia, akachungulia kushoto.

"Loishiye amekuacha wapi?"

Nimeapa. Nimeapa kwa mama yangu. Amesema, "Sawa, Baba Happy," kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa, akaenda kunipashia maji.

Basi nimekuja hapa kwenye duka la intaneti, nawaandikia nimesimama, kwa sababu lile tandiko la baiskeli limenifanya nisikae mpaka Jumatatu. Ninyi mnaweza kucheka, haki yenu. Ila naomba hata mmoja wenu anijibu kwamba ananiamini, nikamsomee Mama Happy.